Ziwa Lilipumzika, Mgongo Haukupona

Kwetu Kigoma, mgongo ukiuma, tiba zake zinajulikana na kila mtu, na ni tatu: pumzika, meza diklofenaki, vaa mkanda. Uliza mwaloni Kibirizi utajibiwa hivyo. Uliza Katonga utajibiwa hivyo hivyo. Ukishuka Ujiji sokoni, muuza mikanda atakufunga kiunoni ujaribu kabla hujauliza bei. Mimi nasoma fiziotherapia, mwaka wa tatu, na nikifika nyumbani likizo, mwisho wa reli kule, sijamaliza hata kunawa vumbi la safari jirani ameshafika kunieleza habari za kiuno chake.

Naandika haya kwa wanachuo wa vitivo vyote, siyo wa afya peke yao. Kila mmoja wetu ana mama, babu au shangazi anayeumwa miaka na miaka, na kwa kuwa wewe ndiye msomi wa familia, picha ya boksi la dawa inatumwa kwako: "Mwanangu, hii inatibu nini?" Halafu tupo sisi wenyewe, tunaosomea kitandani kompyuta ikiwa mapajani hadi saa nane usiku wiki ya UE. Swali langu ni hili: kwa nini zile tiba tatu zinashindwa maumivu yakishakuwa ya muda mrefu, na kuna nini kingine, kisicho kidonge, ambacho mtu wa pwani ya Tanganyika anaweza kukifanya kweli na si kukisoma tu kwenye desa?

Nitamtumia mama yangu mkubwa kama mfano. Ameniruhusu, ila jina amesema niliache. Umri ameniambia niandike "hamsini na kitu", nami ninatii. Biashara yake ni dagaa. Alfajiri mitumbwi ikirudi na karabai zake anakuwa ameshafika mwaloni. Ananunua kwa ndoo, anabeba kichwani, anaanika, anageuza, anachambua takataka akiwa ameinama, jioni anaanua na kushindilia kwenye viroba. Ndoo ya lita ishirini ya dagaa wabichi inakaribia kilo ishirini, na siku ya neema hazihesabiki. Kiuno kilianza mwaka 2017 alipoteleza na ndoo. Mwezi wa pili akawa nafuu, wa sita yakarudi, na tangu hapo hayajamwacha. Akawa mtu wa vidonge viwili kila jioni, na wiki ikiwa mbaya, sindano.

Kisha mwaka 2024 kikatokea kitu ambacho mtafiti angekitamani. Nchi nne zinazolizunguka Ziwa Tanganyika, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilikubaliana kulipumzisha ziwa ili samaki wazaliane, na kwetu uvuvi ukasimama kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Miezi mitatu bila ndoo. Nyumbani tulisema, pesa itakuwa shida, lakini angalau mgongo utapona.

Haukupona. Mwezi wa saba hakuweza kukaa msibani nusu saa. Usingizi ukakatika, akawa anatembea nyumbani kwa kushika ukuta. Vidonge vikaongezeka, kwa sababu mtu aliyekaa tu ana muda mwingi wa kuyasikiliza maumivu yake, na muuza dawa wa mtaani hakuwahi kumuuliza anavimeza tangu lini. Ziwa lilipofunguliwa, yeye alikuwa wodini. Choo kilikuwa cheusi kama lami: vidonda vya tumbo vilikuwa vinavuja damu. Aliongezewa damu, tumbo likatulia. Kiuno kikabaki pale pale.

Kuhusu tumbo, maelezo ni mafupi. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao hufanya kazi kwa kuzuia mwili kutengeneza kemikali zinazoitwa prostaglandini. Kemikali hizo huchochea uvimbe na maumivu, sawa, lakini ndizo pia zinazolinda ukuta wa tumbo usiliwe na asidi, na zinasaidia damu kufika kwenye figo. Ukizizuia siku tano, mwili unavumilia. Ukizizuia miaka saba, huku mara nyingine hujala, ni kama kuondoa bati kidogo kidogo ukitegemea mvua haitanyesha. Dawa hizi zina nafasi yake, na hata miongozo ya kimataifa bado inazitaja. Hasira yangu ni kwamba kwetu zimekuwa chakula cha jioni.

Kuhusu kiuno maelezo ni marefu zaidi, na hapa naomba uvumilivu.

Kengele inayolia bila mwizi

Maumivu mapya ni kengele. Umekanyaga mwiba, kengele inalia, unatoa mguu, kidonda kinapona, kengele inanyamaza. Maumivu yakizidi miezi mitatu wataalamu huyaita sugu, na siyo jina tu la kuonyesha urefu. Uainishaji mpya wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika Januari 2022, umeyapa nafasi yake yenyewe kwenye orodha. Maana yake ni kwamba maumivu sugu yanaweza kuwa ugonjwa kamili, hata pale jeraha lililoyaanzisha limeshapona.

Inakuwaje? Mishipa ya fahamu inajifunza. Ikipitisha taarifa ya maumivu kila siku kwa miezi, inazoea na kuwa mwepesi wa kuipitisha, kama vile njia ya mguu inavyokuwa barabara watu wakiipita sana. Uti wa mgongo unaikuza taarifa hiyo, na ubongo, ambao kazi yake ni kukulinda, unaanza kupiga kengele mapema zaidi na kwa sababu ndogo zaidi. Unazijua zile pikipiki ambazo paka akipita tu king'ora kinalia mtaa mzima? Hakuna mwizi. Lakini king'ora kinalia kweli, na aliyelala pale kelele anazisikia kweli. Ndiyo maana naumia nikisikia mtu anaambiwa maumivu yake "ni ya kichwani tu". Maumivu yote, hata ya mguu uliovunjika, yanatengenezwa na ubongo. Hayo hayayafanyi kuwa ya uongo.

Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walichapisha wazo lililobadilisha fani hii. Walisema kwenye uti wa mgongo kuna kitu kama lango. Taarifa ya maumivu haipiti moja kwa moja kwenda ubongoni, bali inaweza kufunguliwa njia au kubanwa. Ukijigonga kidole cha mguu kwenye jiwe, unafanya nini bila kufikiri? Unakishika na kukisugua. Kusugua kunatuma taarifa nyingine zinazobana lango. Na lango hilo linapokea amri kutoka juu pia: hofu, mawazo, kukosa usingizi na upweke vinalifungua, wakati utulivu, mwendo na kuwa na watu vinalibana. Wazo hilo limerekebishwa sana tangu wakati ule, lakini msingi wake umesimama.

Sasa irudie ile miezi mitatu ya ziwa kufungwa. Mama mkubwa alipumzika, lakini alipumzika akiwa na deni la kikoba, hana usingizi, hana wenzake wa mwaloni wa kucheka nao, na misuli ya mgongo na mapaja inazidi kulegea kwa kutotumika. Kila kinachofungua lango kilikuwepo. Kitu pekee kilichoondolewa ni ndoo, na kumbe ndoo haikuwa mkosaji pekee.

Kuna jambo jingine lililomwumiza, nalo ni maneno. Aliwahi kupigwa picha akaambiwa, "Pingili zimesagika, mama, usiiname tena." Mwanamke wa dagaa asiiname! Tangu siku ile kila akiinama alikuwa anasikia kama mifupa inasagana. Mwaka 2015 yalichapishwa mapitio ya tafiti zilizopiga picha migongo ya watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu yoyote. Miongoni mwa wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Kwa wenye miaka 80 ilikuwa asilimia 96. Hawaumwi! Diski kuchakaa ni kama mvi. Picha ya mgongo ina kazi yake pale daktari anapotafuta ugonjwa mbaya, lakini kumsomea mtu picha kama hukumu ni kumfungia kengele nyingine shingoni.

Wanachosema wakubwa

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno kwa watu wazima, yale yasiyo na ugonjwa mwingine nyuma yake. Tatizo ni kubwa: mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na makadirio ni milioni 843 ifikapo 2050. Ukiusoma mwongozo ule ukiwa na akili ya Ujiji unacheka peke yako. Unapendekeza elimu ya kumwezesha mgonjwa kujisimamia, mazoezi, kuchua, tiba ya kunyoosha uti kwa mikono, na tiba ya mazungumzo ya kubadili namna mtu anavyofikiri na kutenda kuhusu maumivu. Mikanda ya kiunoni? Unashauri isitumike kama tiba ya kawaida. Kuvutwa kwa mashine? Hapana. Dawa kali za jamii ya mofini kwa maumivu haya? Hapana. Na katikati ya hayo yote, kuna dawa ya kupaka iliyotokana na pilipili kichaa, imekubaliwa!

Nieleze ya pilipili kidogo, maana najua mtauliza. Ukali wa pilipili unatokana na kapsaisini, ambayo inagusa kipokezi kilekile cha mishipa ya fahamu kinachosikia joto la kuunguza. David Julius alikigundua kipokezi hicho kwa kutumia pilipili, na mwaka 2021 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Ukipaka mara kwa mara, mishipa ile inachoka kupiga kelele. Lakini nazungumzia krimu iliyopimwa. Usitwange pilipili ukampaka bibi yako halafu ukasema umesoma kwenye gazeti la chuo.

Wazo la kuchanganya njia nyingi si la jana. John Bonica alikuwa daktari wa usingizi na mcheza mieleka wa kulipwa. Masomo yake yalilipiwa na mieleka, na mwili wake ukalipa riba ya maumivu maisha yake yote. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitibu wanajeshi ambao kila daktari alikuwa ameshindwa kivyake. Akagundua kwamba wakikaa pamoja, wa mifupa, wa mishipa ya fahamu, wa akili, wanajadili mgonjwa mmoja, mambo yanasogea. Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1953, na baadaye akaanzisha Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, kliniki ambayo wengine duniani waliiga. Kwa lugha ya kwetu, aliwatoa kila mmoja kwenye kibanda chake akawaweka kwenye baraza moja.

Kutoka kwenye karatasi mpaka mwaloni

Ushauri wa "fanya mazoezi" ukimpa mwanamke anayebeba ndoo tangu alfajiri atakuangalia kama umechanganyikiwa. "Mwanangu, kwani mimi nakaa?" Ndivyo mama mkubwa alivyoniambia, na ni hoja ya kweli. Kazi ngumu siyo mazoezi. Mazoezi ni mzigo unaouchagua wewe, kwa kiasi unachokijua, unaopanda polepole. Kazi ya mwaloni inakuchagulia.

Na inachagua vibaya, kwa sababu ya mwezi. Mnajua uvuvi wa dagaa ni wa taa. Siku za mbalamwezi kali taa hazivuti samaki, kwa hiyo mitumbwi mingi haitoki. Hapo mwanamke wa mwalo anakaa siku kadhaa bila kubeba kitu, mwili unalegea. Giza likirudi, mzigo ni mwingi na bei nzuri, anabeba ndoo kumi na tano kwa siku moja. Usiku anaumwa, anameza vidonge, kesho anabeba tena, mpaka analala kitandani siku tatu. Kisha mwezi unarudi. Tunafundishwa darasani kuhusu wagonjwa wanaojituma kupita kiasi siku nzuri na kuanguka siku mbaya, lakini sijaona kitabu kinachosema kwamba ratiba ya kuanguka inaweza kupangwa na mwezi.

Basi mpango wake, uliopangwa na mtaalamu wa fiziotherapia aliyemwona baada ya kulazwa, ulianzia hapo. Siku za mbalamwezi asikae. Atembee asubuhi, dakika kumi za kwenda, siyo zaidi hata akijisikia vizuri, na kila wiki aongeze mbili. Ainuke kwenye kiti bila kushika mikono, mara nane, apumzike, arudie. Abebe ndoo yenye lita tano za maji, halafu saba, halafu kumi. Siku za giza abebe ndoo ya lita kumi mara mbili badala ya ishirini mara moja, na apumzike kwa saa na si kwa maumivu: kila baada ya safari nne anakaa, awe anaumwa asiwe anaumwa. Hilo la mwisho ndilo lilikuwa gumu kuliko yote. Wenzake walimcheka. Mteja hapendi kuona mchuuzi amekaa.

Kuinama aliruhusiwa. Tena alifundishwa kuinama: kwanza akiwa amekaa, kupeleka mikono magotini, halafu kwenye vifundo vya miguu, mpaka ubongo uone kwamba hakuna kilichovunjika. Ukimwona sasa anavyoinama anatoa pumzi taratibu kama mtu anayepuliza chai. Pumzi ile siyo mapambo. Mtu anayebana pumzi anakaza kila msuli, na mgongo uliokazwa ndio unaouma.

Maji ya ziwa yenyewe yanasaidia. Ukisimama majini hadi kiunoni, maji yanakupunguzia karibu nusu ya uzito wako, na goti lililokataa kutembea mchanganini linakubali kutembea pale. Lakini kichocho kipo ufukweni mwetu, hasa penye maji yaliyotulia na majani, na mamba nao wapo sehemu kadhaa, kwa hiyo sisemi kila mtu akimbilie majini. Kwa mama mkubwa tuliliacha, akabaki na beseni la maji ya moto na kitambaa cha kukandia.

Kuchua: hapa Ujiji ina utajiri. Ni mji wa zamani, na wapo akina mama wanaokanda wazazi na wagonjwa kwa mafuta ya mise tangu kabla ya hospitali. Kuchua kunashusha maumivu kwa siku chache, kunalegeza misuli, kunaleta usingizi. Hakurudishi kitu mahali pake, maana mara nyingi hakuna kilichotoka. Nikiulizwa, nasema mtu achuliwe jioni ili kesho atembee vizuri zaidi. Akichuliwa ili aendelee kulala kitandani, amelipia raha tu (nayo si haramu). Ila kusimama mgongoni kwa mgonjwa, au kumkunja shingo mpaka ilie, siwezi kukubali.

Chuku, au hijama, ni swali ninaloulizwa kila Ijumaa. Ushahidi wake ni hafifu, lakini wapo wanaopata nafuu, nami sibishani na nafuu ya mtu. Ninachobishania ni wembe. Wembe mmoja ukipita migongo miwili unaweza kupeleka virusi vya homa ya ini au VVU, na hapo umetoka kwenye kiuno ukaingia kwenye ugonjwa mwingine kabisa. Wembe mpya, glavu, vifaa safi, mbele ya macho yako. Asipokubali, vaa shati uondoke.

Usingizi tunaudharau kuliko yote. Usiku mmoja mbaya unafanya maumivu ya kesho yake yawe makali zaidi, na maumivu yale yanaharibu usiku unaofuata. Kwa mchuuzi anayeamka saa tisa usiku, dawa ni kulala saa mbili jioni na simu kuwekwa chumba kingine, jambo ambalo wajukuu walilipinga kwa nguvu kuliko mtu yeyote.

Nafuu ilikuja pole pole. Wiki sita za kwanza hakuona kitu, alikuwa ananipigia kunilaumu. Mwezi wa tatu akakaa kwenye arusi mpaka bibi harusi anatoka. Sasa anasema maumivu yapo, lakini "hayanitumi". Anabeba, anaanika, anameza parasetamo mara chache. Hajapona kwa maana ya kutoumwa, na sitamdanganya mtu kwamba kila mwenye kiuno atafika hata hapo.

Pasipo na mjadala

Kuna maumivu ambayo ukiyapeleka kwenye matembezi na kuchua unaua mtu. Mgongo unaouma pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda unaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho kinatibika kwa dawa na kisipotibiwa kinaacha kibiongo au kupooza. Mtu aliyewahi kuwa na saratani, mtu aliyeanguka kutoka kwenye mchikichi, mtoto mdogo anayelalamikia mgongo: hospitali. Ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja, kushindwa kuzuia mkojo au choo, miguu kuisha nguvu: hospitali leo, si baada ya mkutano wa ukoo. Na wenye selimundu, ambao Tanzania tunao wengi kuliko nchi nyingi duniani, wakiwa kwenye maumivu makali wanahitaji dawa, maji na daktari. Asiambiwe mtu wa selimundu atembee apone. Vivyo hivyo maumivu ya saratani: mofini pale ni haki ya mgonjwa.

Kwa upande wetu wa hosteli nitasema machache. Kiuno cha mwanafunzi mara nyingi hakina tatizo la mkao mbaya kama tunavyoimbiwa. Kina tatizo la mkao mmoja. Hakuna namna ya kukaa iliyo sahihi kwa saa sita. Simama kila nusu saa, panda ngazi, teka maji, rudi. Ukiona unameza kidonge ili uweze kusoma, na ni wiki ya tatu, nenda zahanati ya chuo ukaseme hivyo hivyo.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba watu hawa wote wanaomhudumia mgonjwa mmoja hawaongei. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, lina Baraza lake, na Muhimbili ipo taasisi ya tiba asili ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1974. Kwenye karatasi, baraza la Bonica tunalo. Lakini daktari aliyemtoa mama mkubwa wodini hakujua kama anachuliwa, mkandaji hakujua kama ana vidonda vya tumbo, na muuza dawa hakujua lolote. Wataalamu wa fiziotherapia ni wachache, na nauli ya kwenda na kurudi kliniki inazidi bei ya pakiti ya vidonge, kwa hiyo pakiti inashinda.

Tulichofanya sisi ni kununua daftari la shule la kurasa arobaini na nane. Mstari mmoja kwa siku: amelala saa ngapi, ametembea dakika ngapi, amebeba ndoo ngapi na za lita ngapi, amemeza nini, amechuliwa na nani. Kwenye jalada la ndani kumeandikwa kwa wino mwekundu kwamba asipewe diklofenaki wala ibuprofeni, na sababu yake. Linaenda naye kliniki, linaenda naye duka la dawa. Mkandaji wake hasomi vizuri, kwa hiyo mjukuu wa darasa la tano anamsomea kwa sauti kabla hajaanza, na yeye akimaliza anamwambia mtoto cha kuandika.